Nakuru Wanakula, Natron Wanazaa

Picha ya Ziwa Nakuru mnaijua. Maji ya kijivu, vilima nyuma, na ufukwe mzima umegeuka pinki kwa wingi wa heroe, yaani flamingo. Iko kwenye kalenda za ukutani, iko kwenye vitabu vya jiografia vya shule, iko kwenye mabango ya watu wa utalii. Na haikuwa picha ya uongo. Kuna vipindi ambavyo ziwa hilo dogo lilibeba ndege zaidi ya milioni moja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana Kenya ililifanya hifadhi ya taifa mwaka 1968, ikaliandikisha mwaka 1990 kuwa eneo lake la kwanza chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, na mwaka 2011 UNESCO ikalitia kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na Bogoria na Elmenteita. Hifadhi nzima ina uzio wa umeme. Kama kuna ndege aliyewahi kupewa karatasi zote za ulinzi ambazo binadamu anajua kuziandika, ni heroe wa Nakuru.

Kisha maji yakapanda. Kuanzia karibu mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa upande wa Kenya yalianza kujaa, mengine yakameza nyumba, barabara na mashamba. Huko Nakuru maji yalifika hadi geti kuu la hifadhi, likabidi lihamishwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Current Biology, ukiongozwa na Aidan Byrne wa King's College London, ulipitia picha za setilaiti za zaidi ya miaka ishirini kwa maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki. Ukakuta kwamba kati ya 2009 na 2022 eneo la Ziwa Nakuru liliongezeka kwa asilimia 91, na kiasi cha klorofili, yaani kipimo cha mwani uliomo majini, kikapungua kwa nusu. Heroe hawasomi ripoti, ila tumbo wanalijua. Makundi makubwa yakahama. Uzio ulibaki, askari walibaki, cheti cha UNESCO kilibaki.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana nadhani sisi wapenda ndege tumekuwa tukilinda kitu kisicho chenyewe. Tunamlinda heroe pale anapoonekana vizuri kwenye kamera. Maisha yake yanaamuliwa kwingine, mahali pasipofikika, na kinachoyaamua ni kitu kimoja tu: kipimo cha maji. Yakizidi, shida. Yakipungua, shida. Na kipimo hicho hakiwekwi na hifadhi yoyote.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Duniani kuna aina sita za heroe. Nne ni za Amerika, na mbili kati ya hizo huishi kwenye maziwa ya chumvi ya milima ya Andes, juu kabisa ambako usiku maji huganda. Zinazobaki ni mbili. Heroe mkubwa, mrefu, mweupe-mweupe, mwenye mdomo wa pinki uliochovywa wino mweusi nchani, ambaye utamkuta kuanzia Afrika hadi kusini mwa Ulaya na India. Na heroe mdogo, mfupi zaidi, aliyekolea rangi, mdomo wake mwekundu wa giza. Huyu mdogo ndiye anayejaza picha za kalenda. Robo tatu hivi ya heroe wadogo wote wa dunia wanaishi kwenye maziwa yetu ya Bonde la Ufa. Makadirio ya kawaida ni kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na nusu. Mtu akisikia milioni mbili hulegea. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, halikulegea: limemweka kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini, na sababu kubwa ni kwamba mamilioni hayo yote yanategemea vyumba vichache mno vya kuzalia. Kwa Afrika Mashariki, kile cha kutegemewa ni kimoja: Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania.

Nilikwenda Natron kumtazama akila, si akizaa, maana akizaa humwoni. Tulikuwa ufukwe wa kusini, asubuhi kabla jua halijachachamaa, mimi na kijana wa Kimasai wa Ngare Sero aliyekuwa akinitembeza. Tulifuata kijito cha maji baridi kinachoshuka kutoka ukingo wa bonde, na mimi, kama kawaida ya mtu mwenye darubini, nikawa nasogea mbele bila kutazama miguu.

"Kaka, rudi hapo," akaniambia. "Hapo juu ni pakavu, chini hamna kitu."

Akachoma ganda kwa fimbo yake. Fimbo ikazama hadi karibu na mkono, na ilipotoka ilikuwa imepakwa tope jeusi linalonuka yai viza. Basi tukasimama pale pale, na kwa bahati heroe wenyewe walisogea.

Ukimtazama kwa karibu, jambo la kwanza linalokushangaza ni kwamba anakula kichwa chini, mdomo wa juu ukiwa chini na wa chini ukiwa juu. Shingo inashuka, kichwa kinapinduka, ndege anaanza kutembea taratibu huku akikipeleka kichwa kulia na kushoto, sentimita chache tu ndani ya maji. Huoni akimeza. Unachoona ni koo inayotetemeka. Ndani ya mdomo ule uliopinda kuna ulimi mnene unaokwenda mbele na nyuma mara nyingi kwa sekunde, ukivuta maji ndani na kuyasukuma nje, na kando ya mdomo kuna safu za visahani vyembamba mno vyenye vinyweleo. Maji yanapita, mwani unabaki. Ni chujio la chai lenye miguu. Heroe mkubwa ana chombo kama hicho ila matundu yake ni mapana. Yeye huzamisha kichwa hadi topeni akitafuta mabuu ya nzi, konokono na vidudu vingine. Ndiyo maana unaweza kuwakuta hao wawili kwenye ziwa moja bila ugomvi.

Mwaka 2025 kikundi cha watafiti wakiongozwa na Victor Ortega-Jimenez kilionyesha kwamba hata kule kupiga-piga miguu na kutikisa mdomo si madoido. Walipiga video heroe wa aina ya Chile wakila, wakakuta kwamba ndege hao huzusha vimbunga vidogo ndani ya maji ambavyo huinua chakula kutoka chini na kukileta mdomoni. Kumbe anachuja, na pia anawinda.

Heroe mdogo anachochuja hasa ni sianobakteria mmoja (bakteria wa majini ambao kwa kawaida tunawaita mwani), Arthrospira, yule yule anayekaushwa na kuuzwa madukani kwa jina la spirulina. Miaka ya 1970 mtafiti Ekkehard Vareschi, akifanya kazi Nakuru, alikadiria kwamba heroe mmoja hula kiasi cha gramu 70 za mwani kwa siku, uzito ukipimwa mkavu. Piga hesabu mwenyewe: ndege milioni moja ni tani 70 kwa siku, kila siku, kutoka kwenye ziwa unaloweza kulizunguka kwa gari kabla ya chakula cha mchana. Ziwa la namna hiyo linatakiwa liwe supu nzito. Na Arthrospira haishamiri popote. Inataka maji yenye magadi mengi, jua kali, na uchumvi usiopungua sana wala kuzidi sana. Mvua ikimwaga maji matamu mengi ndani ya ziwa, uchumvi unashuka, aina nyingine za mwani zinachukua nafasi, supu inakuwa maji. Ukame ukizidi, ziwa linakauka na kuwa ganda jeupe. Yote mawili ni njaa.

Rangi nayo inatoka huko huko. Kifaranga huzaliwa na manyoya ya kijivu, na pinki humwingia baada ya miaka kadhaa kutokana na karotenoidi, yaani chembe za rangi, zilizo kwenye chakula. Heroe aliyefifia ni taarifa kuhusu ziwa lake.

Sasa tuje kwenye kuzaa. Hadi katikati ya karne iliyopita wataalamu wa ndege hawakujua heroe hawa wote wanatoka wapi. Waliwaona kwa malaki Nakuru, Elmenteita, Bogoria, lakini viota hawakuviona. Mwaka 1954 Leslie Brown, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni Kenya na mpenzi mkubwa wa ndege, aliruka kwa eropleni juu ya Natron na kuona kundi likiwa kwenye viota katikati ya ziwa. Akaamua kwenda kwa miguu. Alitembea juu ya ganda la magadi, ganda likavunjika, akazama topeni, maji ya magadi yakaingia kwenye buti. Alirudi akiwa hoi, miguu imeungua vibaya, akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa. Viota hakuvifikia. Hadithi yake huwa inasimuliwa kama ushujaa, na ni ushujaa kweli, lakini mimi huisoma kama maelezo ya usalama wa mtoto wa heroe. Kama Brown, mtu mzima mwenye buti na maji ya kunywa, hakufika, fisi naye atafikaje?

Natron iko chini, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye shimo la joto kali mpakani mwa Tanzania na Kenya. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 50 na kina kisichofika mita tatu. Maji yanaingia na hayatoki. Yanapanda hewani tu. Miamba ya volkano na chemchemi za moto zinazolizunguka zinaleta sodiamu kaboneti, jua linakausha maji, magadi yanabaki, na pH hupita 10. Upande wa kusini unasimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, volkano hai pekee inayojulikana duniani kwa kutoa lava ya kaboneti.

Ndani ya mazingira hayo heroe anajenga kichuguu cha tope, chenye kishimo juu, akataga yai moja. Moja tu. Kile kichuguu si urembo: juu yake kuna nafuu ya joto ukilinganisha na tope la chini, na maji yakipanda kidogo yai halilowi. Wazazi wote wawili wanaatamia kwa kupokezana, karibu siku 28. Kifaranga akitoka, wanamlisha maziwa mekundu yanayotengenezwa kooni, na wazazi wenyewe hufifia rangi kwa kazi hiyo. Baada ya siku chache vifaranga hushuka, hukusanywa kwenye makundi ya maelfu, wakichungwa na heroe wachache waliokomaa, na kundi hilo huweza kutembea kilomita nyingi juu ya magadi kutafuta maji matamu yanakoingia ziwani. Wanachukua zaidi ya miezi miwili kabla hawajaweza kuruka.

Ukiyaweka yote hayo pamoja unaona kipimo kinachotakiwa. Maji lazima yawe yamepungua kiasi cha kufunua tope la kujengea. Lakini lazima yabaki ya kutosha kuwazunguka ili fisi na mbweha wasipite. Mvua ikija wakati wa mayai, viota vinaelea. Ziwa likikauka mapema, njia ya wanyama inafunguka na vifaranga wanatembea juu ya chumvi tupu. Ndiyo maana heroe hawazai kila mwaka. Wanasubiri, wanakuja, wanatazama, wanaondoka. Miaka mingine wanajenga maelfu ya viota na wanaviacha.

Mwaka 1962 ulitupa mfano wa kipimo kilipokosekana. Natron ilijaa kupita kiasi, heroe wakahamia Ziwa Magadi, upande wa Kenya, wakataga kwa wingi usiowahi kuonekana pale. Maji ya Magadi yalipokauka, chumvi ilianza kuganda kwenye miguu ya vifaranga, kila wakitembea ikiongezeka, mpaka mguu mwembamba kama kalamu ukawa umebeba pete ngumu ya magadi ambayo kifaranga hakuweza kuinyanyua. Walikufa wengi. Watu walijitokeza, miongoni mwao mpiga filamu Alan Root, wakawa wanawashika vifaranga mmoja mmoja na kuzipasua pete zile kwa nyundo, taratibu wasivunje mfupa. Waliwaokoa maelfu. Nikisoma habari ile huwa nawaza kwamba hiyo ndiyo sura ya uhifadhi wa heroe baada ya maji kukataa: mtu kapiga magoti juani, nyundo mkononi, na nyuma yake kuna kifaranga mwingine anasubiri.

Na hapa niseme kitu kuhusu zile picha. Kila baada ya muda mtandao wetu hujaa picha za ndege waliogeuka "jiwe" Natron, wamekaa juu ya vijiti, macho wazi, pamoja na maneno kwamba ziwa hili linaua chochote kinacholigusa. Picha ni za Nick Brandt, zilisambaa mwaka 2013, na mwenyewe alieleza alivyozipata: aliokota mizoga iliyokaushwa na magadi ufukweni, akaipanga kana kwamba iko hai, akapiga. Sanaa nzuri. Lakini imewaachia watu wengi picha ya Natron kuwa ziwa la kifo, na ziwa la kifo nani atalilia likichimbwa?

Maana lilitaka kuchimbwa. Katikati ya miaka ya 2000 ulikuja mpango wa kiwanda cha magadi pale Natron, ubia wa Shirika la Taifa la Maendeleo la Tanzania na kampuni ya India, Tata Chemicals, kikiwa na lengo la tani 500,000 kwa mwaka. Magadi si kitu kidogo. Ndiyo yanayotengeneza vioo na sabuni za unga. Mpango ulitaka kuvuta maji ya ziwa kwa mabomba, kutoa magadi, kurudisha yaliyobaki, pamoja na barabara, nyumba za wafanyakazi na maji matamu ya kuendeshea kiwanda. Mashirika ya uhifadhi, BirdLife International na wenzake wa Tanzania na Kenya wakiwa mbele, walipinga kwa nguvu, na mwaka 2008 Tata wakajitoa. Hoja ya kiwanda ilifufuliwa tena serikalini miaka michache baadaye, kisha macho yakageukia bonde la Engaruka, kusini mwa Natron, ambako magadi mengi yalikutwa ardhini nje ya ziwa.

Sijiungi na wanaosema magadi yasiguswe kabisa. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa tangu 1911, na heroe bado wanakula pale. Tofauti ni kwamba Magadi ni sehemu ya kula, na sehemu ya kula ikiharibika ndege anaruka usiku anahamia nyingine; ndiyo desturi yake. Akinyimwa Natron hana pa kuhamia. Kwa hiyo Engaruka kwangu ni hatua ya maana, kwa sharti kwamba maji ya kiwanda yasitoke kwenye vijito na chemchemi ambazo wafugaji na mashamba ya pale tayari wanagombea, na yasichotwe kwenye yale yanayoshuka Natron. Mtu akikuonyesha ramani ya mradi wa magadi, usiulize kwanza kiwanda kiko wapi. Uliza bomba la maji linatoka wapi.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya viwanda, nalo ni umri. Heroe anaishi miaka mingi. Yule wa bustani ya wanyama ya Adelaide, Australia, alikufa mwaka 2014 akiwa na miaka isiyopungua 83. Porini hawafiki huko, ila miongo kadhaa wanaifikisha. Ndege wa namna hiyo anaweza kukosa kuzaa mwaka huu, na ujao, na unaofuata, na hesabu ya kundi isibadilike hata kidogo, kwa kuwa wazazi bado wapo, wamesimama kwa mguu mmoja, wanapigwa picha. Ukija kuona kundi limepungua, ujue tatizo lilianza zamani. Kwa hiyo hesabu za ndege wa majini za kila Januari, ambazo ni kazi kubwa na ya maana, haziwezi kutosha peke yake. Tunahitaji kujua vifaranga wangapi wa kijivu wametoka Natron, na taarifa hizo ni ngumu kupatikana kwa sababu zile zile zilizomlaza Brown hospitali. Setilaiti na ndege ndogo zimesaidia, mradi zisiruke chini. Kundi lililoshtuliwa likiwa na mayai linaweza kuyaacha yote.

(Kwa kuwa nimetaja mguu mmoja na najua mtauliza: mwaka 2017 Young-Hui Chang na Lena Ting walionyesha kwamba kusimama hivyo kunamgharimu heroe nguvu kidogo sana ya misuli. Hata mwili wa heroe aliyekufa waliweza kuusimamisha kwa mguu mmoja bila kuushikilia. Kwa miguu miwili ulianguka. Na lile linaloonekana kama goti linalokunjika kinyume ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, ndani ya manyoya.)

Vifo vya makundi navyo vipo. Bogoria ilishuhudia maelfu wakifa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na mwaka 2004 ikawa zamu ya maziwa ya Momela ndani ya Hifadhi ya Arusha. Uchunguzi ulikuta sumu za sianobakteria, zile zinazoshamiri Arthrospira inapozidiwa, na kwa baadhi ya mizoga kukatajwa kifua kikuu cha ndege. Metali nzito kutoka miji na viwanda zilishukiwa pia, hasa Nakuru, mji ulioota ukingoni mwa ziwa na kukua kuliko mabomba yake ya majitaka. Mimi naona kosa ni kutafuta muuaji mmoja. Ndege mwenye njaa anakunywa sumu ndogo na kufa; aliyeshiba anaruka nayo.

Wengine wamejaribu kutengeneza kipimo kwa mikono. Camargue, kusini mwa Ufaransa, walijenga kisiwa cha tope mwaka 1970 kwa ajili ya heroe wakubwa, hadi vichuguu vya bandia wakaviweka ili kuwashawishi. Ilichukua miaka, lakini walikuja, na koloni lile likawa miongoni mwa yaliyochunguzwa zaidi duniani. Afrika Kusini wakafanya hivyo kwa heroe wadogo: mwaka 2006 kisiwa kikajengwa kwenye bwawa la Kamfers karibu na Kimberley, na vifaranga wakaanza kutoka. Ila maji ya Kamfers yanategemea majitaka ya mji. Mitambo iliposumbua na maji kushuka, Januari 2019 wazazi waliviacha viota, na vifaranga karibu 2,000 ikabidi wakusanywe na kusambazwa kwenye vituo vya kuwalea nchi nzima. Kwa hiyo kisiwa unaweza kukijenga kwa greda. Maji ya kukizunguka, kila siku ya miezi ile mitatu, ni habari nyingine, na kwa Natron, ambako wanazungumzwa ndege kwa malaki, sioni greda gani litatosha.

Kwetu maji hayo yana jina: Ewaso Ng'iro. Mto huu, wa kusini, tusiuchanganye na ule wa kaskazini, unaanzia msitu wa Mau, unapita Narok, unashuka chini ya ukingo wa Nguruman, unajimwaga kwenye kinamasi karibu na Shompole na kuingia Natron kwa upande wa kaskazini. Ndio mto mkubwa kuliko yote inayolilisha ziwa hilo. Mau imekatwa miti kwa miongo mingi, na udongo wake sasa unasafiri na mto. Mashamba ya umwagiliaji yameongezeka kandokando. Na mabwawa ya umeme yamekuwa kwenye mipango ya Kenya kwa muda mrefu. Sisemi Narok wasiwe na umeme. Ila bwawa linabadilisha majira ya mto hata pale lisipopunguza kiasi chake, na tumeshaona kwamba heroe anaishi kwa majira.

Tanzania iliandikisha bonde la Natron chini ya Ramsar mwaka 2001, na ufukweni kuna pori tengefu. Vyote hivyo vinaishia mpakani. Lakini Kenya nayo ni mwanachama wa mkataba huo huo, na kifungu cha 5 kinazitaka nchi zinazoshiriki ardhi oevu au mfumo mmoja wa maji zishauriane kuhusu wajibu wao. Maana yake bwawa la Ewaso Ng'iro si jambo la kujadiliwa Narok na Nairobi tu, na ripoti ya athari za mazingira inayomaliza hesabu zake pale maji yanapovuka kwenda Tanzania haijakamilika. Ninapendekeza kitu kisichopendeza kwenye kalenda: kipimo cha maji cha kudumu pale mto unapoingia ziwani, kisomwe na nchi zote mbili kwa pamoja, namba zake ziwekwe wazi kila mwezi, na ratiba ya kufungulia maji ya bwawa lolote litakalojengwa juu iandikwe kwa kuyafuata majira ya kuzaliana Natron. Wataalamu wa maji wa pande zote mbili wapo, na kazi yenyewe wanaijua.